Neno Lililochelewa Njiani

Mjane alifika kituoni asubuhi akiwa na chakula cha ndugu yake mkono mmoja na kibali cha kumzika mumewe mkono wa pili. Konstebo wa zamu akamwambia aweke vyote mezani vikaguliwe, naye akaweka. Kibali kilitupiwa jicho tu. Chakula kilichokonolewa kwa kijiko mpaka kikapoteza sura.

Inspekta aliyaona hayo akiwa amesimama mlangoni. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo, na sauti hiyo ilikuwa imewadanganya wahalifu wengi wakadhani wamepata wa kumchezea.

"Shikamoo, Afande," mjane alisema.

"Marahaba, mama. Pole sana."

"Nimeambiwa mdogo wangu anapelekwa mahakamani."

"Faili lake linakwenda kwa mwendesha mashtaka leo mchana. Akiliridhia, ndiyo, atapelekwa."

"Kwa kosa gani?"

"La kuua."

Mjane aliuvuta ukingo wa kitambaa alichojitanda kichwani, akaushika kwa nguvu. "Mume wangu hajaingia kaburini, na ndugu yangu mnamchukua. Tulizaliwa wawili tu kwa mama yetu, na mama mwenyewe hayupo. Nibaki na nani, Afande?"

Inspekta alimkalisha kwenye benchi. Alimwonea uchungu yule mama.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Siku tatu nyuma ghala la magodoro liliwaka moto karibu na reli ya mizigo. Kituo cha televisheni kikatuma watu wawili: mpigapicha, ambaye sasa ndiye marehemu, na msaidizi wake aliyebeba mgongoni mkoba wa kurushia picha. Huyo msaidizi ni mdogo wa mke wa marehemu, kwa hiyo kazini na nyumbani walikuwa wakiitana shemeji. Wakapanda juu ya jengo la jirani, ghorofa nne ambazo mwenyewe alishindwa kuzimaliza, wakaanza kurusha matangazo ya moja kwa moja. Watu waliokuwa mbele ya televisheni waliona picha ikikatikakatika, wakasikia ukelele, wakaona mbingu, kisha wakaona tangazo la sabuni. Mpigapicha alikutwa chini juu ya rundo la nondo. Msaidizi alikutwa juu, amelala kifudifudi ukingoni, mkoba ungali mgongoni. Alipoulizwa kulikoni alisema, "Nilimwachia." Tangu hapo alikuwa hajaongeza hata herufi.

Ndani ya faili mlikuwa na mambo matatu: ungamo hilo la neno moja, maelezo ya mkuu wa habari aliyesema aliwasikia mashemeji hao wakigombana asubuhi ya siku ile, na maandishi ya sauti iliyosikika hewani. Faili lilikuwa limekaa vizuri kabisa. Inspekta hakuyapenda mafaili ya namna hiyo, maana katika miaka yake yote hakuwahi kuona ukweli usiokuwa na mahali unapokwaruza.

"Mama, nikuulize jambo gumu," alisema. "Ile sauti ya mwisho umeisikia?"

"Nani hajaisikia? Imezungushwa kwenye simu mtaa mzima. Hata jirani aliyekuja kunipa pole ilikuwa inalia mfukoni mwake."

"Unaitambua?"

"Ni ya mdogo wangu."

Konstebo aliinua kichwa kutoka kwenye chakula.

"Mdogo wangu akipaza sauti hukwaruza," mjane aliendelea. "Mume wangu sauti yake nzito, na hakuwa mtu wa kupiga kelele. Hakuna aliyeniuliza."

Konstebo akatazama pembeni. Yeye ndiye aliyeipiga chapa ile karatasi ya maandishi ya sauti, na ndani yake ilisema kwamba marehemu, kabla ya kuanguka, alipiga kelele akisema: Niachie!

Inspekta alimvuta konstebo mpaka chumba cha nyuma, akafunga mlango, akamwambia aiwashe ile rekodi. Konstebo akaiwasha. Ulionekana moshi, ukaonekana ukingo wa paa uliopangwa matofali, kisha picha ikavunjika viraba viraba na sauti ikakwama. Ilipozinduka ilitoa kipande kimoja tu cha ukelele, halafu ikaja mbingu.

"Umesikia nini?"

"Niachie, Afande."

"Sikuulizi ulichoandika. Nakuuliza ulichosikia."

Konstebo akarudisha nyuma, akasikiliza. Akarudisha tena. Mara ya nne alivua miwani, kana kwamba masikio yake yalikuwa humo.

"Nasikia achie," akakiri.

"Na ile 'ni' iko wapi?"

"Si lazima iwepo, Afande? Mtu hawezi kusema achie peke yake."

"Hawezi. Kwa hiyo ukamsaidia."

"Nikamsaidia."

"Ukiwa umeshika kamba, na mimi nataka uiache, nitakuamuruje?"

"Utasema achia."

"Kwa 'a' mwishoni. Hii inaishia na 'e', maana yake mbele yake palikuwa na kitu kilichomezwa. Huenda ni niachie. Huenda ni tuachie, au mwachie." Inspekta akairudisha rekodi nyuma mwenyewe. "Na huenda ni usiachie."

Konstebo alirudisha miwani usoni. Alikuwa kijana mwangalifu, si mtu mbaya, na alikuwa ameziba pengo kwa nia njema kama vile mtu anavyosahihisha herufi iliyorukwa. Sasa akaona kwamba herufi alizochagua zilikuwa zinampeleka mtu gerezani, na zile alizoziacha huenda zingemrudisha nyumbani.

Wakaenda mahabusu. Msaidizi wa mpigapicha alikuwa amekaa sakafuni, mkono wa kulia umefungwa kwa kitambaa shingoni. Daktari wa kituo alikuwa ameandika kwamba bega lilichomoka kutokana na purukushani, na hakuna aliyehangaika kuuliza purukushani ya namna gani. Inspekta akachuchumaa mbele yake.

"Nionyeshe kifundo cha mkono."

Kijana hakukataa wala hakukubali. Inspekta akakunjua kitambaa taratibu. Kifundo kilikuwa kimevilia damu kukizunguka chote, na michubuko ya kucha ilianzia karibu na kiwiko ikateremka mpaka kwenye kiganja. Mtu mnayegombana naye hukushika akiwa mbele yako. Aliyeacha michubuko ile alikuwa chini, ananing'inia, na alikuwa akiteleza kidogo kidogo.

"Ulikuwa umemshika," Inspekta alisema.

Kijana alijaribu kuufunika mkono tena.

"Ulimwambia usiachie."

Kijana alikaza midomo. Akaiuma.

"Dada yako yuko nje. Nimwite?"

"Asiingie."

"Kwa nini?"

"Nilimwachia," kijana alisema, akageukia ukuta.

Hapo ndipo Inspekta alipokwama. Mtu aliyezidiwa na uzito husema aliniponyoka, na kwa neno hilo hujitetea. Huyu alikuwa na bega lililochomoka, alikuwa na kila sababu ya kusema aliniponyoka, na bado aling'ang'ania neno linalomfunga. Kati ya usiachie na nilimwachia palikuwa na jambo, na jambo hilo lilikuwa ndani ya ile picha iliyokatika.

Mkuu wa habari aliwapokea katika ofisi yenye televisheni tano ukutani, zote zimewashwa, zote zimenyamazishwa sauti. Alikuwa mtu wa tabasamu la kudumu. Alitoa pole kwa niaba ya uongozi, akatoa pole kwa niaba yake binafsi, akaagiza maji.

"Picha tulizowapa ndizo zote," alisema. "Matangazo yalikuwa ya moja kwa moja, Afande. Moja kwa moja maana yake moja kwa moja. Kilichoonekana ndicho kilichokuwepo."

"Nani aliwapandisha kule juu?"

"Walipanda wenyewe. Vijana wa kazi wana moto. Mimi nilikuwa hapa natazama kama mtazamaji mwingine yeyote."

"Hukuwasiliana nao?"

"Ningewasiliana nao kwa lipi?"

"Na ule ugomvi wa asubuhi?"

"Huo niliusikia kwa masikio haya, pale tunapoegesha magari. Yule kijana alisema, dada yangu atakuwa mjane. Nimeandika na sahihi nimetia."

"Kabla ya maneno hayo alisema nini?"

"Nilikuwa nafunga mlango wa gari."

"Kwa hiyo ulidaka mkia."

"Nilisikia nilichosikia, Afande."

"Katika kesi hii kila mtu ameshika mkia," Inspekta alisema, akasimama bila kugusa maji. "Kichwa ndicho nisichokiona."

Mkuu wa habari akawasindikiza mpaka mlangoni. "Kama kuna kilichokatika, mbaneni fundi mitambo," alisema kwa sauti ya chini. "Yeye na marehemu hawakuwa wakiiva chungu kimoja. Mimi sisemi kitu, nawadokeza tu."

Inspekta akalipokea dokezo hilo. Mtu anayekudokezea bila kuombwa huwa ana mahali asipotaka utazame, lakini pia huwa hakosei kila mara.

Fundi mitambo alikuwa na shahada mbili na kucha zilizotafunwa mpaka nyamani. Chumba chake kilikuwa na baridi kali kwa ajili ya mashine. Alipoulizwa kama walikuwa na ugomvi na marehemu alisema ndiyo, marehemu alikuwa akikunja nyaya vibaya, na wangeendelea kugombania nyaya mpaka uzeeni kama Mungu angependa.

"Niambie picha inavyosafiri," Inspekta alisema. "Kwa Kiswahili cha nyumbani. Bosi wako anasema inakuja moja kwa moja."

Fundi akacheka bila furaha. "Hakuna cha moja kwa moja hapa. Zipo njia nne, na zote zimepinda." Akaeleza kwamba mkoba huwa na laini nne za makampuni manne ya simu. Unakata picha na sauti vipande vidogo vidogo, kila kipande unakipa namba, kisha unavigawa kwenye zile laini, na kila kipande kinapita njia yake. Mtambo wa kupokea, lile sanduku la chuma lililokuwa linanguruma pembeni, unavikusanya na kuvipanga tena kwa namba.

"Kwa nini msitumie laini moja tu?"

"Kwenye msongamano laini moja inazidiwa, Afande. Siku ya moto kila mtu ameinua simu yake. Ukitegemea njia moja umeumia."

"Na kipande kinachochelewa?"

"Mtambo unakisubiri kidogo. Kisipofika, unaendelea bila hicho."

"Kama maziko," Inspekta alisema. "Ndugu wanakuja kwa mabasi manne, moja linaharibika. Mnasubiri, mnasubiri, mwishowe mnazika."

"Ndivyo. Na wa basi bovu wakifika wanakuta udongo."

"Siku ile mlisubiri kiasi gani?"

Fundi alipeleka kucha mdomoni, akakuta hakuna kilichobaki. "Kwa kawaida ni sekunde tatu. Siku ile hata moja haikutimia."

"Nani alipunguza?"

"Mimi."

Konstebo akasogea. Inspekta akamzuia kwa jicho.

"Endelea."

"Nilipunguza kwa amri. Kituo cha wapinzani wetu kilikuwa kinaonyesha moto ule ule, na picha zao zilikuwa zinatangulia zetu. Mkuu aliingia hapa amefura. Akasema punguza kusubiri, nikamwambia tukipunguza vipande vingi vitaachwa njiani na picha itakatika. Akasema afadhali ikatike kuliko ichelewe."

"Mkuu aliingia hapa?"

Fundi akatambua ulimi ulikomfikisha.

"Alikaa kiti gani?" Inspekta aliuliza kwa ile sauti yake ndogo.

"Hicho ulichokalia."

"Akafanya nini?"

"Alivaa vile vya masikioni. Vya kuongea na walioko nje." Fundi aliinamisha kichwa. "Afande, nina watoto."

"Na marehemu alikuwa nao. Vile vipande vilivyochelewa viko wapi?"

"Vilifika, kwa kuchelewa. Mtambo huviweka kando, hauvirushi hewani. Jioni ile mkuu aliniambia nisafishe mtambo wote. Nikasafisha, vilivyowahi na vilivyochelewa. Tulibaki na ile rekodi ya hewani tu, mliyopewa nyinyi. Sasa humo mna weupe mtupu."

Simu ya Inspekta ilianza kutetemeka mezani. Alikuwa mkubwa wake, bila shaka akiulizia faili. Inspekta aliitazama mpaka ikachoka. Moyo ulimuuma kufikiria kwamba atarudi kituoni mikono mitupu na kumkuta yule mama bado amekaa kwenye benchi.

"Nieleze jambo moja tu," alisema baadaye. "Mkoba ukishatuma, hicho ulichotuma unakifuta?"

"Haukifuti mpaka nafasi ijae. Unakaa navyo vyote. Ila hautumi tena, isipokuwa mtambo uuombe."

"Na mtambo huomba lini?"

"Unapoona pengo. Siku ile baada ya kurusha ulikuwa umeshapokea kila namba, hata zile za kuchelewa, kwa hiyo ulihesabu kazi imekwisha. Usingeomba kitu tena mpaka kiama. Labda..." Fundi alikatiza. Aliligeukia lile sanduku la chuma, akalikodolea macho.

"Labda nini?"

"Labda mtu aufute. Ukifutwa unasahau kwamba uliwahi kupokea. Mimi nimeufanyia pengo moja kubwa, Afande. Siku mkoba ule ukiwashwa, mtambo utauomba kila kitu, kuanzia namba ya kwanza."

"Kumbe mngefuta vile vipande tu, bila kugusa kumbukumbu ya namba, tungekosa."

"Mngekosa."

"Njia ya mwongo ni fupi," konstebo alisema, "hata akipewa nne."

Ilikuwa mara ya kwanza siku ile Inspekta kumtazama kwa upole. Akamtuma kituoni kuuchukua mkoba. Ulikuwa kwenye kabati la vielelezo, chini ya magunia mawili ya bangi, na polisi walikuwa wameuandika hivi: begi jeusi moja, lenye nyaya.

Uliletwa na lakiri yake. Inspekta akaikata mbele ya mashahidi wawili, wakatia sahihi, fundi akachomeka waya wa umeme. Kwa muda hakukutokea kitu. Kisha kwenye ubavu wa mkoba taa moja ikawaka kijani, ikafuata ya pili, ikafuata ya tatu. Ya nne ilikuwa ya njano, ikapepesa bila kutulia.

"Hiyo ndiyo laini iliyokuwa inachelewa," fundi alinong'ona. "Hata leo."

Kwenye kioo namba zikaanza kujipanga. Zilikuja kwa makundi, zikaacha mapengo, mapengo yakazibwa moja baada ya jingine. Mlango ukafunguliwa na mkuu wa habari akaingia, na safari hii tabasamu alikuwa amelisahau ofisini.

"Huo mkoba ni mali ya kampuni."

"Ni kielelezo cha polisi. Karibu ukae. Kiti unakijua."

Hakukaa. Fundi alibonyeza, na picha ikaja yote, safi, bila kiraba hata kimoja. Zilikuwepo njia mbili za sauti. Ya kwanza ni ile iliyokwenda hewani. Ya pili ilikuwa ya maelekezo kati ya chumba kile na watu wa nje, ambayo mtazamaji wa nyumbani haisikii kamwe.

Mtu wa zimamoto alisikika kwa mbali akiwafokea waliokuwa juu washuke. Kisha ikaja sauti yenye mkwaruzo, ya msaidizi. "Mkuu, zimamoto wanasema tushuke. Haya matofali ya ukingoni yamepangwa tu, hayana saruji. Asubuhi nilimwambia shemeji tusikubali kupandishwa juu ya mapaa ovyo, dada yangu atakuwa mjane kwa ajili ya picha."

"Bosi wako ni zimamoto au mimi?" ilijibu sauti ambayo kila mtu chumbani aliijua. "Wenzetu wanaonyesha ndimi za moto, nyie mnanionyesha moshi. Sogeeni. Sogea tena. Fika ukingoni."

"Tunasogea," ilisema sauti nzito, kwa utulivu.

Matofali yakaachia. Kamera ilianguka juu ya paa ikabaki inatazama mbingu, kwa hiyo yaliyofuata hayakuonekana, yalisikika tu.

"Usiachie! Shemeji, usiachie!"

"Mbona picha imepotea?" ilisema sauti ya mkuu. "Geuzeni kamera. Hamnisikii? Geuzeni kamera."

"Usiachie."

"Bega lako limetoka," ilisema sauti nzito kutoka chini. "Nimelisikia."

"Usiachie, nakuomba."

"Matofali ya kifuani kwako yanasogea. Tutakwenda wote. Dada yako na watoto watabaki na nani?" Pakawa na pumzi tu, za watu wawili. "Niachie."

"Siwezi."

"Niachie, shemeji. Fungua vidole."

Fundi alikuwa analia waziwazi. Mkuu wa habari alinyoosha mkono kwenye swichi, konstebo akaushika mkono huo ukiwa hewani. Rekodi iliendelea. Baada ya ukimya ilisikika sauti yenye mkwaruzo ikilia kama mtoto, na juu yake ile sauti nyingine ikiuliza kama kuna mtu anayemsikia, kwa sababu wakati wa tangazo la sabuni unakaribia.

"Sikumsukuma mtu," mkuu wa habari alisema.

"Hukumsukuma. Kwa sasa nakukamata kwa kuharibu ushahidi na kuwapa polisi maelezo ya uongo. La kule juu ya paa, mwendesha mashtaka atakutafutia jina lake. Vaa koti."

Konstebo alitaka kusema kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Akaona neno hilo la mwisho halifai kutajwa siku ile, akatoa pingu kimya kimya.

Mwendesha mashtaka aliisikiliza rekodi mara moja, akaomba isirudiwe, akalirudisha faili. Kwa sheria kazi ilikuwa imekwisha. Lakini mjane alikuwa bado kwenye benchi, na Inspekta alimweleza wazi kwamba anaweza kuchukua ndugu yake na kwenda, au anaweza kwanza kusikia. Akamwambia pia kwamba kama angekuwa yeye, hajui angechagua lipi.

Mjane alichagua kusikia. Alikaa na vile vya masikioni peke yake chumba cha nyuma, mlango ukiwa wazi kidogo. Alipotoka uso wake ulikuwa mkavu, na alitembea akiwa ameegemeza kiganja ukutani mpaka mahabusu.

Mlango wa mahabusu ulikuwa umefunguliwa. Kijana alikuwa amekaa pale pale.

"Umesikia," alisema bila kuinua macho.

"Nimesikia."

"Nilimwachia, dada. Alisema nifungue vidole, nikafungua."

"Mimi nisingemwachia," mjane alisema.

Inspekta alitazama sakafu. Alikuwa amefanya kazi yake yote, amemtoa mtu mikononi mwa hakimu, na katika chumba kile hakuwa na mamlaka ya kitu chochote.

"Najua," kijana alisema. "Ndiyo maana sikutaka uingie."

Mjane aliuondoa mkono ukutani. "Watoto hawaniulizi kuhusu baba yao," alisema. "Baba yao wameshaambiwa. Wananiuliza mjomba yuko wapi, mbona haji."

"Waambie..."

"Siwaambii kitu mimi. Utakwenda uwaambie mwenyewe, kwa kinywa chako, yote, kama yalivyokuwa. Inuka."

Konstebo alileta vitu vyake ndani ya bahasha: simu, mkanda, viatu, na kamba za viatu ambazo huvuliwa kila anayeingia mahabusu. Kijana alivaa viatu, akachukua kamba moja, akajaribu kuipenyeza tunduni kwa mkono wa kushoto. Ikamtoka. Akajaribu tena. Konstebo akapiga hatua kwenda kumsaidia na Inspekta akamshika mkono wa shati.

Mjane alimtazama ndugu yake akihangaika. Kisha akaweka pochi yake chini, akapiga goti kwenye saruji, akaichukua ile kamba. Aliipitisha tundu kwa tundu bila kumwangalia usoni, akafunga, akakaza kuliko inavyotakiwa, mpaka kijana akauma meno. Hakumwambia alegeze. Mjane akahamia mguu wa pili.